Dizeli ya makaa ya mawe Muhoroni: je, mzee atie sahihi?

"Hujambo mhandisi. Sisi ni wakulima wa miwa upande wa Muhoroni, kaunti ya Kisumu. Siku hizi kuna watu wanaozunguka huku pamoja na mabroka, wanasema mwekezaji anataka kujenga kiwanda cha kugeuza makaa ya mawe kuwa dizeli na petroli, mapipa 10,000 kwa siku. Wanamtaka mzee wangu atie sahihi karatasi ya kuwawekea ekari zetu 11 kwa miaka mitano. Watalipa shilingi 5,000 kwa ekari sasa, kisha watanunua 'mradi ukiidhinishwa'. Vijana nao wanaambiwa walipe 1,500 waandikwe kazi. Mwalimu mmoja hapa anasema ni uongo mtupu, jiwe haliwezi kuwa mafuta. Mchungaji wetu anasema tutauziwa dizeli nusu bei. Ndugu yangu anavua Dunga, kwenye Ziwa Viktoria, na anaogopa samaki wataisha. Nani anasema kweli? Na mzee atie sahihi au asitie?"

Ndugu yangu, nianze na mwalimu, maana kosa lake ndilo linaloweza kuwaponza zaidi. Akishawaambia kwamba jambo hili haliwezekani, halafu broka akatoa simu na kuwaonyesha picha za kiwanda halisi kinachofanya kazi, mtamwamini broka kwa mengine yote aliyosema. Na picha hizo zipo. Mafuta ya makaa ya mawe ni ya kweli, yana umri wa miaka mia moja.

Wanakemia wawili, Franz Fischer na Hans Tropsch, waligundua njia ya kupata mafuta kwa gesi ya makaa mjini Mülheim, Ujerumani, miaka ya 1920. Mwenzao, Friedrich Bergius, alikuwa tayari amepata njia nyingine ya kugeuza makaa kuwa mafuta moja kwa moja kwa haidrojeni yenye mgandamizo mkubwa, na mwaka wa 1931 akapewa Tuzo ya Nobel. Ujerumani ilitegemea sana mafuta ya namna hiyo katika Vita Vikuu vya Pili. Afrika Kusini ilianzisha kampuni ya Sasol mwaka wa 1950, mafuta ya kwanza yakatoka Sasolburg mwaka wa 1955, na baada ya bei ya mafuta kupaa mwaka wa 1973 wakajenga mtambo mkubwa zaidi kule Secunda. Huo bado unafanya kazi, na uwezo wake ni kama mapipa 150,000 kwa siku. China nayo ina mtambo Ordos tangu 2008, na mwingine mkubwa Ningxia tangu 2016. Mafuta yenyewe si duni. Dizeli ya njia ya Fischer na Tropsch huwaka vizuri kuliko ya kawaida na karibu haina salfa, na ndege zimekuwa zikijazwa mafuta yenye mchanganyiko huo Johannesburg tangu 1999.

Kwa hiyo kujua kama jambo linawezekana hakuwasaidii sana. Ulizeni linagharimu nini na linafaa kufanyiwa wapi. Hapo itabidi tuingie ndani ya mtambo kidogo, maana ukishaelewa jambo moja tu la kemia, majibu ya mchungaji na ya ndugu yako yatajitokeza yenyewe.

Jambo hilo ni haidrojeni. Katika dizeli, kila atomu moja ya kaboni hufuatana na karibu atomu mbili za haidrojeni. Katika makaa ya mawe, kila atomu ya kaboni haina hata moja kamili. Kugeuza makaa kuwa dizeli basi ni kazi ya kutafuta haidrojeni iliyopungua, na mahali rahisi pa kuipata ni kwenye maji. Lakini katika maji haidrojeni imeshikana na oksijeni, na lazima kuwe na kitu cha kuivuta hiyo oksijeni. Kinachoivuta ni kaboni ya makaa yenyewe. Kaboni inabeba oksijeni na kutoka nayo kama hewa ya kaboni dayoksaidi, haidrojeni inabaki.

Kwa vitendo, makaa husagwa na kuingizwa kwenye tanuri lenye joto linaloweza kupita nyuzi 1,000, yakapulizwa oksijeni na mvuke. Hayaachwi yaungue yakaisha. Hupewa oksijeni kidogo tu, yakageuka gesi ya kaboni monoksaidi na haidrojeni. Gesi hiyo husafishwa kabisa, kwa sababu salfa kidogo tu ikibaki inaua kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko, cha hatua inayofuata. Kisha inapitishwa juu ya kichocheo hicho, chuma au kobalti, kwenye joto la nyuzi 200 hadi 350, na hapo kaboni huanza kuungana moja baada ya nyingine kuwa minyororo. Mifupi ni gesi, ya katikati ni petroli na dizeli, mirefu ni nta nyeupe kama ya mshumaa, ambayo hukatwakatwa tena ipate kuwa dizeli.

Unaona basi kwamba maji mengi na kaboni dayoksaidi nyingi si dalili ya kiwanda kibovu au meneja mzembe. Ndiyo njia yenyewe. Karibu nusu ya kaboni iliyoingia, na mara nyingi zaidi, hutoka hewani kabla tone moja la dizeli halijafika kwenye tangi la gari, kisha dizeli hiyo nayo huchomwa. Ukijumlisha, lita ya dizeli ya makaa huchafua anga kama mara mbili ya lita ya dizeli ya mafuta ghafi, isipokuwa gesi ikamatwe na kuzikwa ardhini. Secunda peke yake hutoa zaidi ya tani milioni 50 za kaboni dayoksaidi kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya ile inayotokana na mafuta yote yanayochomwa nchini Kenya. Mtu anaweza kuniuliza, mbona tusichukue stima ya mvuke wa ardhini ya Olkaria tukapasua maji nayo, tukapata haidrojeni safi? Inawezekana. Ila ukiwa na stima nyingi hivyo, kuipeleka kwenye mabasi na viwanda moja kwa moja kuna faida kuliko kuipitisha kwenye makaa.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwangu mimi, linamaliza mjadala kabla hata ya mazingira. Makaa yenyewe yatatoka wapi? Upande wa magharibi mwa Kenya hakuna mgodi wa makaa ya mawe. Yanayojulikana nchini yako bonde la Mui, kaunti ya Kitui, karibu kilomita 500 kutoka kwenu, na hayajaanza kuchimbwa kibiashara. Njia nyingine ni kuyaleta kwa meli hadi Mombasa, kisha kilomita zaidi ya 700 nchi kavu.

Chukua tani moja ya makaa mazuri. Itakupa mapipa mawili ya mafuta, mara nyingi hata hayafiki. Pipa moja ni lita 159. Trela linalobeba tani 28 za makaa likipanda hadi Muhoroni linakuwa limebeba, kwa hesabu ya dizeli, kama lita 8,900. Trela la tangi la mafuta katika barabara hiyohiyo hubeba zaidi ya lita 30,000. Kwa mapipa 10,000 kila siku mtahitaji tani 5,000 za makaa, yaani trela kama 180, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Na kama makaa hayo yana majivu asilimia 20, kila jioni mtabaki na tani 1,000 za majivu za kutafutiwa mahali. Ni sawa na kusafirisha ng'ombe mzima kutoka Kitui ili ukifika Muhoroni uchemshe supu ya kwato.

Ndiyo sababu Secunda imekaa juu ya migodi yake yenyewe, na Ordos na Ningxia pia ziko kwenye nchi ya makaa. Wakati huohuo, mafuta yaliyokwisha safishwa hufika Kisumu na Eldoret kwa bomba tangu 1994, bila trela hata moja. Mwekezaji anayewaambia atajenga mtambo huu Muhoroni lazima aeleze kwa nini anashindana na bomba. Mimi sijaona maelezo yanayosimama.

Kuhusu dizeli nusu bei, mchungaji ana nia njema lakini hesabu inamkataa. Bei ya pampu hutangazwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na mafuta, kila tarehe 14 ya mwezi, na ndani yake mna gharama ya kuagiza mafuta, faida ya wauzaji, ushuru, tozo ya barabara na VAT. Kodi haijali kama dizeli ilitoka kisimani au kwenye makaa. Mwenye kiwanda naye ana sababu gani ya kuuza chini ya bei ambayo wengine wanauza? Afrika Kusini wametengeneza mafuta ya makaa kwa miaka 70, na bei yao bado hupangwa kwa kufuata gharama ya mafuta yanayoagizwa kutoka nje. Dereva wa Johannesburg hapunguziwi hata senti kwa sababu Secunda iko karibu.

Na mtaji wenyewe si wa mchezo. Mtambo wa Ningxia uligharimu kama yuan bilioni 55. Ukiupunguza hadi ukubwa wa mapipa 10,000, unazungumzia zaidi ya shilingi bilioni 100 za Kenya, tena mtambo mdogo huwa ghali zaidi kwa kila pipa. Nchi zilizojenga mitambo hii zilikuwa na makaa tele na serikali nyuma yake: Ujerumani kwa vita, Afrika Kusini kwa hofu ya kunyimwa mafuta wakati wa ubaguzi wa rangi, China kwa kutotaka kutegemea meli za wengine. Wamarekani, ambao wana makaa kuliko nchi yoyote duniani, walipendekeza miradi mingi kati ya 2005 na 2010. Hakuna hata mmoja mkubwa uliofika kuuza dizeli. Bei ya mafuta ghafi ilipoanguka, wenye pesa walifunga mifuko.

Hofu ya ndugu yako wa Dunga nisingeipuuza, ila ningeisogeza kidogo. Kaboni dayoksaidi ya mtambo haitaua ngege wala omena. Cha kuogopa ni maji, yanayochukuliwa na yanayorudishwa. Makadirio ya kawaida ni mapipa 5 hadi 10 ya maji kwa kila pipa la mafuta. Kwa kiwanda mlichoambiwa hiyo ni lita milioni 8 hadi 16 kwa siku, na hata ile milioni 8 ingetosha watu 160,000 kwa lita 50 kila mmoja. Mto Nyando mnaujua: masika unafurika hadi uwanda wa Kano, Januari unakonda. Lita hizo zingetolewa Januari pia. Maji yanayotoka kwenye tanuri hubeba fenoli, amonia na lami, na majivu yakilowa mvua huweza kuachia aseniki na madini mengine mazito. Mambo haya husafishika, mitambo ipo, lakini ni ghali na haitakiwi kuzimwa hata siku moja. Mto Nyando unaingia Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria, ambayo ni ya kina kifupi na maji yake hayabadilishani upesi na ziwa kuu. Uchafu ukiingia humo hukaa.

Nisiwe mtu wa kukataa kila kitu. Kiwanda halisi cha aina hii huleta barabara, stima, mafundi, biashara. Secunda ni mji uliozaliwa kwa sababu ya mtambo. Nanyi Muhoroni si wageni wa mafuta ya kiwandani: miaka ya 1980 petroli yenye spiriti iliuzwa nchini, na spiriti hiyo ilitoka hapo kwenu, kwa molasi ya miwa. Malighafi ilikuwa shambani, umbali wa trekta. Lakini wazee wa upande wa Kisumu wanakumbuka pia kiwanda cha molasi kilichoanzwa kwa kishindo miaka ya 1970 kwa nia hiyohiyo ya kutengeneza mafuta, kikakwama kabla ya kukamilika, kikabaki miaka mingi kikila kutu huku wenye ardhi wakiuliza maswali. Waliotoa shamba ndio waliongoja muda mrefu kuliko wote.

Hapo ndipo nafika kwenye karatasi ya mzee. Hii si kazi ya mhandisi, ni ya wakili, na nitakuambia kwa nini msiende bila wakili.

Kwanza itazame inavyofanya kazi. Ekari 11 kwa shilingi 5,000 ni 55,000. Kwa pesa hizo mwenye karatasi amelifunga shamba miaka mitano. Anaweza kuandikisha zuio kwenye rekodi ya ardhi, na siku mtakapotaka kukopa benki kwa hati hiyo, au kumgawia mwana sehemu yake, mtakuta mlango umefungwa. Yeye hajajifunga kununua. Je, bei ya kununua imeandikwa, au imeachwa "kwa makubaliano ya baadaye"? Anaruhusiwa kumwuzia mtu mwingine haki hiyo? Miwa iliyoko shambani ni ya nani? Maneno "mradi ukiidhinishwa" yanamaanisha umeidhinishwa na nani? Siwahukumu watu nisiowaona, lakini katika biashara za namna hii mara nyingi karatasi zenyewe ndizo bidhaa. Mtu hukusanya sahihi za ekari 600, akatembea nazo Nairobi au ng'ambo akitafuta wenye pesa, na asipowapata hana alichopoteza.

Sheria inawapa ngao kadhaa. Ardhi ya kilimo haiuzwi bila idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi ya eneo lenu. Kama boma la ndoa liko humo, mama lazima aridhie. Na Katiba, kifungu cha 65, hairuhusu mgeni kumiliki ardhi ya Kenya ila kwa kukodi, isiyozidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa ya Kenya pale tu inapomilikiwa yote na Wakenya. Mwekezaji wa ng'ambo anayesema "atanunua" aulizwe atanunuaje.

Ombeni jina kamili la kampuni na mtafute kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, orodha ya wakurugenzi na wenye hisa. Nendeni afisi ya kaunti ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, mkaulize kama kuna ripoti ya athari za mazingira iliyowasilishwa kwa mradi huo. Mradi wa ukubwa huu hauwezi kuanza bila ripoti hiyo kutangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali na magazeti ya kawaida, na wananchi kupewa siku 30 kutoa maoni. Ulizeni pia Mamlaka ya Rasilimali za Maji kama kuna aliyeomba kibali cha kuchota Nyando. Afisi ikiwazungusha, andikeni barua mkitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016: inawapa majibu ndani ya siku 21. Na msidhani sauti ya kijiji haina nguvu. Mwaka wa 2019 wakazi wa Lamu walifika mbele ya jopo la kitaifa la rufaa za mazingira, na leseni ya mtambo wa stima ya makaa wa megawati 1,050 ikafutwa, sababu mojawapo ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Rufaa ya namna hiyo hukatwa ndani ya siku 60 tangu leseni kutolewa, kwa hiyo msilale.

Vijana wasitoe ile 1,500. Hakuna mtambo wa shilingi bilioni 100 unaohitaji pesa ya vijana wa Muhoroni ili ujue nani ataajiriwa. Waliokwisha kulipa watunze ujumbe wa M-Pesa, waandike taarifa polisi wakiwa kundi, si mmoja mmoja. Kundi husikilizwa upesi.

Jibu langu kwa mzee ni asitie sahihi hiyo karatasi ilivyo. Kama anavutiwa na kukodisha, awaambie wampe nakala, aende nayo kwa wakili aliyemchagua yeye, si yule wa mabroka. Wakili wa mtaa anaweza kuisoma karatasi ya kurasa mbili kwa ada ndogo kuliko hizo 55,000, na wasiojiweza wanaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Watu wakiwaambia nafasi itaisha Ijumaa, waacheni waende na Ijumaa yao.

Ikiwa ameshatia sahihi au kidole gumba wakati unaandika, usimgombeze, na msirudishe pesa kimyakimya mkononi mwa broka. Nenda afisi ya ardhi na nambari ya shamba ukaombe upekuzi rasmi wa rekodi, uone kama kuna zuio lililoandikishwa. Chukua matokeo hayo, nakala ya karatasi, na ujumbe wowote wa malipo, umpeleke mzee kwa wakili wiki hii. Mama naye aende, hasa kama hakuulizwa.